Barua ya wazi kwa Bunge la Kenya: hawa nao ni raia wenu

Kwa Spika wa Bunge la Taifa, Spika wa Seneti, na waheshimiwa wabunge na maseneta wote.

Waheshimiwa,

Ninawaandikia juu ya Wakenya wanaopenda watu wa jinsia yao. Nina maombi matatu, na nayataja mapema asije mtu akasema nimeyaficha. Futeni katika Kanuni ya Adhabu vifungu vinavyowageuza wahalifu. Wafungulieni njia ya kuoana kwa sheria ya nchi. Andikeni katika sheria za jeshi na polisi kwamba hakuna atakayekataliwa wala kufukuzwa kwa sababu ya anayempenda.

Najua ombi la pili ndilo litakalowaudhi zaidi. Ndilo nitakaloanza nalo, kwa kuwa si mimi niliyelileta mezani. Liliwekwa hapo na Mahakama Kuu.

Tarehe 24 Mei 2019, majaji Roselyne Aburili, Chacha Mwita na John Mativo walitoa hukumu jijini Nairobi katika kesi iliyopinga vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu. Cha kwanza kinamtishia mtu miaka 14 jela kwa kile kinachoitwa kuingiliana kinyume cha maumbile. Cha pili kinatoa miaka 5 kwa wanaume wawili, hata kama waliyoyafanya waliyafanya chumbani mwao na mlango umefungwa. Waliofungua kesi walitaka jambo moja tu: watu wazima waliokubaliana wasifungwe. Walisema waziwazi kwamba hawadai ndoa. Majaji walilikataa ombi lao, na sababu mojawapo waliyoitoa ni Kifungu cha 45 cha Katiba, kinachosema kila mtu mzima ana haki ya kuoana na mtu wa jinsia tofauti. Kuyaruhusu matendo hayo, walisema, kungewafungulia njia watu wa jinsia moja waishi pamoja kama wanandoa.

Nimefanya kazi ya ukarani wa mahakama huku Pwani mpaka nilipostaafu, na hukumu nimezizoea, nzuri na mbaya. Hii ilinikwama kooni. Maana yake ni kwamba mtu yuko hatarini kupelekwa gereza la Shimo la Tewa kwa ajili ya jambo ambalo yeye hakuliomba, na ambalo huenda mwingine akaliomba kesho. Mlango wa ndoa ukatiwa kufuli la jela. Basi kama kinachoogopwa ni ndoa, tuizungumze ndoa yenyewe, tena hadharani, badala ya kuendelea kuwatisha watu kwa kifungo ili tusiizungumze.

Watu wakisikia ndoa huwaza kupambwa kwa bibi arusi, ngoma na biriani. Sisi tuliokaa masijala huwaza mafaili. Kwa serikali, ndoa ni jibu la maswali ya siku mbaya: nani atie sahihi mgonjwa anapoingizwa chumba cha upasuaji, nani akabidhiwe maiti mochari, nani abaki ndani ya nyumba, nani alipwe pensheni. Mume na mke hawayajui maswali haya mpaka yawafike, na yakiwafika, cheti kimoja huyamaliza mengi.

Kesi ya mirathi kwetu huanza kwa barua ya chifu. Chifu huandika marehemu ameacha nani: mke au mume, watoto, wazazi, ndugu. Niliwahi kupokea faili ya mwanamke aliyefariki akiwa ameishi na mwenzake tangu wakiwa wasichana. Kiwanja walikinunua pamoja, nyumba wakaijenga pole kwa pole kila zilipopatikana, hati ikaandikwa jina la mmoja kwa sababu ndiye aliyekuwa na mkopo wa Sacco. Barua ya chifu ilimtaja kaka wa marehemu, mtu ambaye majirani walikuwa hata hawamjui sura. Yule mwenzake haikumtaja popote. Alikuja kaunta akaniuliza ajaze fomu ipi, nami sikuwa na fomu ya kumpa. Nilimweleza kwamba anaweza kudai mchango wake katika ununuzi wa kiwanja, kama mshirika wa biashara. Akaniuliza atajibu nini wakili wa upande wa pili akitaka kujua yeye alikuwa nani kwa marehemu. Jibu la kweli aliliogopa. Aliondoka bila kufungua kesi, na kaka mtu akapata nyumba.

Wenye umri wangu tunaikumbuka kesi ya maiti ya wakili S. M. Otieno, mwaka 1987. Mjane wake, Wambui, alikuwa mke wa ndoa ya serikali, na alitaka mumewe azikwe karibu na Nairobi. Ukoo wa mumewe, Umira Kager, ukamshinda mpaka Mahakama ya Rufaa, na marehemu akazikwa kwao Nyalgunga. Ikiwa mke mwenye cheti, mwenye jina na mwenye mawakili alinyimwa maiti ya mumewe, pigeni picha ya yule asiye na cheti wala ruhusa ya kutamka kwamba amefiwa. Huyo husimama nyuma kabisa makaburini, miongoni mwa “marafiki wa marehemu”.

Serikali hii hii inapochukua haibagui. Kila mwezi hukata asilimia 2.75 ya mshahara wa mfanyakazi kwa bima ya afya ya jamii, na asilimia 1.5 kwa ushuru wa nyumba, juu ya kodi ya mapato. Hakuna karani wa mishahara aliyewahi kuuliza mtu anamlaza nani nyumbani kwake kabla hajakata. Mfanyakazi mwenye mke humwandikisha mkewe chini ya bima yake. Wanaume wawili walioishi pamoja nusu ya umri wao hukatwa wote wawili, na mmoja akipoteza kazi, mwenzake hawezi kumwandikisha. Naona hapo hamna ubishi wa maadili wa kuficha dhuluma hiyo. Ni mtu kulipishwa asichopewa.

Mimi ni Muislamu, na aya nitakazosomewa nazijua. Naziheshimu na sitaki zibadilishwe. Ninachosema ni kwamba sheria ya nchi hii tangu zamani inaruhusu yale ambayo dini zetu zinayakataza. Hapa Mombasa, Barabara ya Nkrumah imejaa benki za riba, na riba imeharamishwa kwa maneno makali mno, lakini sijaona meneja wa benki akishtakiwa kwa riba, wala sijaona sheikh akilazimishwa kukopa. Tena ninyi wenyewe mlishaonyesha kwamba mnaweza. Sheria ya Ndoa ya 2014 iliziweka chini ya kitabu kimoja ndoa za Kikristo, za kiserikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu, na ikamruhusu mume wa ndoa ya kimila kuongeza mke bila kumtaka ridhaa wa kwanza. Baadhi ya wabunge wanawake walitoka ukumbini kwa hasira, viongozi wa makanisa wakapinga, na bado ikatiwa sahihi. Tangu siku hiyo hakuna askofu aliyeburutwa kufungisha ndoa ya wake wanne. Kadhi ataendelea kufungisha nikahi kwa Sharia, padri kwa kanuni za kanisa lake, na Msajili wa Ndoa wa serikali atawaandikisha raia wa serikali. Ninachohitaji kubadilishwa ni kifungu cha 3 cha sheria hiyo, kinachosema ndoa ni ya mwanamume na mwanamke, pamoja na yale yanayokitegemea.

Mtaniambia mila hazijui jambo hili. Nami nawajibu kama karani: mila zinajua zaidi ya tunavyokiri. Wakamba wana iweto, mwanamke anayeolewa na mwanamke mwenzake. Wanandi na Wakisii wana mwanamke anayemtolea mwanamke mwenzake mahari na kumleta bomani. Wakuria nao, upande wetu na upande wa Tanzania, wana nyumba ntobhu, ndoa ya namna hiyo hiyo. Mwaka 2011 Mahakama Kuu hapa hapa Mombasa, mbele ya Jaji Ojwang, ilikubali kwamba mwanamke aliyeolewa na mwanamke kwa mila ya Kinandi ni mke, na kwamba yeye na wanawe wana haki ya kurithi. Simdanganyi mtu: ndoa zile zilikuwa za kutafuta mrithi na kulinda ardhi, sizo za mapenzi ninayoyatetea leo. Lakini zinathibitisha kwamba wazee wetu waliweza kuitazama nyumba ya wanawake wawili wakaona nyumba, wakaiwekea kanuni, na wala dunia yao haikupinduka. Kifungu cha 162, kwa upande mwingine, hakina babu Mkenya. Kiliingia na Waingereza, kikawekwa katika Kanuni ya Adhabu ya 1930, na wenyewe walianza kujivua sheria kama hiyo mwaka 1967 huku sisi tukibaki nayo.

Februari 2010 ulizuka uvumi Mtwapa kwamba wanaume wawili wanaoana. Uvumi, waheshimiwa. Hakuna aliyeonyesha hata kadi ya mwaliko. Umati ukaenda kuizingira kliniki iliyokuwa ikitoa huduma za Ukimwi, watu wakapigwa, wengine wakapelekwa polisi, na wagonjwa wakaogopa kurudi kuchukua dawa. Miaka mitano baadaye, Ukunda, wanaume wawili walikamatwa wakapimwa maungoni kwa nguvu eti kutafuta ushahidi. Ilibidi Mahakama ya Rufaa, hapa Mombasa, tarehe 22 Machi 2018, iseme kwamba upimaji ule ulivunja Katiba. Ushahidi wa aina ile utaupata vipi, bila kumdhalilisha mtu, kwa kosa linalotendwa na watu wawili waliokubaliana na ambalo hakuna aliyelalamikia? Swali hili nimewauliza wanasheria wengi, na sijapata mwenye jibu ambalo angekubali litumike kwa mwanawe.

Sasa jeshi. Mpwa wangu nimemlea mwenyewe. Alikuwa mkimbiaji, mrefu, mwenye heshima, na tangu shule ya msingi alisema ataingia jeshini. Mwaka ambao makurutu walikuwa wakiandikishwa uwanjani kwetu, alikuwa na cheti chake cha kidato cha nne, alikuwa na meno yake yote, na nyayo zake si bapa, maana haya yote huangaliwa. Kuna mtu mtaani aliyekuwa amejua siri yake. Kwanza alitaka pesa kidogo kwa M-Pesa, kisha nyingi, kisha akamwambia kwamba akionekana uwanjani, maofisa wataambiwa yeye ni nani. Kijana hakwenda. Leo yuko Doha, ni mlinzi katika jengo la maduka, anasimama saa kumi na mbili kwa zamu akilinda mali ya watu wengine. Nguvu zile zilikuwa zenu. Kenya ndiyo iliyomsomesha.

Wakuu wa majeshi duniani wamewahi kusema kwamba askari wa namna hii ni hatari kwa sababu adui anaweza kumtishia kutoboa siri yake. Ni kweli kwamba mtu mwenye siri hutishika. Lakini siri hiyo imefanywa kuwa hatari na nani? Yule tapeli wa mtaani kwetu silaha yake ilikuwa kifungu cha 162. Kifuteni, naye atabaki na mdomo tu. Waingereza nao waliifukuza jeshini mijitu mizima yenye nishani, wakidai umoja wa vikosi utavunjika, mpaka Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilipowakatalia tarehe 27 Septemba 1999. Januari 2000 wakaondoa marufuku, na vikosi havikuvunjika. Julai 2023 Waziri Mkuu wao, Rishi Sunak, alisimama bungeni akaomba radhi kwa niaba ya nchi. Marekani kati ya 1994 na 2011 iliwatoa jeshini watu zaidi ya 13,000 kwa sababu hiyo hiyo, wakiwemo wakalimani wa Kiarabu iliokuwa ikiwahitaji sana vitani, kisha nayo ikaacha.

Askari wa Uingereza huja Nanyuki kufanya mazoezi chini ya mkataba wa ulinzi. (Wana malalamiko mazito ya kujibu pale, na hilo silisahau.) Anayependa mwanamume mwenzake anaporudi kwao ana cheo chake, ana mume wake na ana pensheni ya kumwachia. Mkiona mfano huo ni wa kizungu mno, basi mashariki mwa Kongo wanajeshi wetu wamehudumu chini ya Umoja wa Mataifa pamoja na Waafrika Kusini, ambao katiba yao ya 1996 inakataza kumbagua mtu kwa ajili ya anayempenda, na ambao tangu Novemba 2006 wana sheria inayowaruhusu kuoana. Wote wamevaa kofia ya buluu. Askari wa Afrika Kusini akiuawa, aliyeoana naye, awe mwanamume au mwanamke, ni mfiwa anayetambulika. Wetu walianguka Somalia, El Adde Januari 2016 na Kulbiyow Januari 2017. Kama kuna mmoja aliyeacha mpenzi wa jinsia yake, huyo hakupigiwa simu na mtu, na hakuna bendera iliyokunjwa kwa ajili yake.

Mwaka 2015, Rais Uhuru Kenyatta akiwa amesimama na Rais Obama Ikulu ya Nairobi, alisema kwamba kwa Wakenya hili si jambo muhimu. Nimelisikia neno hilo likirudiwa na wengi wenu. Kama kweli si jambo muhimu, kwa nini mnalitungia miswada? Tarehe 24 Februari 2023 Mahakama ya Juu, kwa majaji watatu dhidi ya wawili, iliamua kwamba marufuku ya ubaguzi katika Kifungu cha 27(4) cha Katiba inawalinda watu hawa pia, na kwamba wana haki ya kuandikisha shirika lao. Mheshimiwa Peter Kaluma wa Homa Bay Mjini akaomba uamuzi huo uangaliwe upya, akakataliwa Septemba mwaka huo huo. Mswada wake wa kulinda familia unataka adhabu kali kuliko hizi za mkoloni. Hivyo leo Mkenya anaweza kuandikisha shirika la kuwatetea watu ambao nchi hiyo hiyo inaweza kuwafunga kwa kupendana. Kuufungua mkanganyiko huu ni kazi yenu, na ndiyo mnayolipwa mshahara.

Majirani hawakungoja. Msumbiji ilibadilisha kanuni yake ya adhabu mwaka 2015, Ushelisheli 2016. Mahakama Kuu ya Botswana iliifuta sheria kama yetu tarehe 11 Juni 2019, hata wino wa hukumu yetu haujakauka, na Mahakama yao ya Rufaa ikakubali mwaka 2021. Rwanda na Kongo hazina kifungu kinachoyafanya mapenzi ya jinsia moja kati ya watu wazima kuwa kosa. Uganda ilichagua njia nyingine mwaka 2023, ikakaza adhabu, na waliokimbia baadhi yao wamekuja kwetu wakidhani Kenya ni afueni. Ndoa, hata hivyo, katika Afrika bara imefunguliwa na Afrika Kusini peke yake. Sitawaambia ni jambo jepesi.

Wanasheria wenu watasema Kifungu cha 45 kinazuia. Mimi nakisoma kikitoa haki. Sioni neno linalolikataza Bunge kutambua ndoa nyingine. Ikiwa itaamuliwa kwamba ni lazima Katiba ibadilishwe, basi hili liko ndani ya Sheria ya Haki, na Kifungu cha 255 kinadai kura ya maamuzi. Iitisheni. Nitatembea nyumba kwa nyumba Likoni na Changamwe kuiombea kura, na najua nitafungiwa milango mingi. Lakini kufuta vifungu vya 162(a), 162(c) na 165 kwa watu wazima waliokubaliana, na kuandika mstari mmoja katika sheria ya jeshi, hakuhitaji kura ya mwananchi yeyote ila yenu. Hayo yanaweza kufanyika katika kikao hiki. Wala msinipe daftari la “wenza” lenye nusu ya haki mkaniambia nishukuru. Lipokeeni kama daraja la kuvukia ikibidi, ila nitarudi kudai ndoa.

Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuliomba Bunge litunge, libadilishe au lifute sheria. Ombi langu rasmi nalipeleka kwa Karani wa Bunge la Taifa pamoja na barua hii, likiwa na sahihi yangu na nambari yangu ya kitambulisho. Naomba lisomwe ukumbini, lipelekwe kwa Kamati ya Haki na Masuala ya Sheria, na kamati hiyo ije Mombasa kusikiliza. Wapo wasioweza kusema hadharani. Watengeeni chumba cha faragha na siku yao. Mkinipa tarehe, nitawaleta mwenyewe.

Karani wa mahakama mstaafu,
Mombasa